Asubuhi ya theluji Montréal: maswali ambayo watu wa Goma huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaotoka Goma kwenda kusoma au kufanya kazi Montréal, Kanada, na wa familia zinazobaki Ndosho, Katindo au Himbi zikijiuliza mtoto wao anafikaje kazini asubuhi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya baridi hapa ni nyuzi 14 au 15. Montréal, mwezi wa Januari, wastani ni karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Kila mahali tunapoweka alama ya kutoa mbele ya namba, maana yake ni chini ya sifuri.

Theluji inaanza lini, inaisha lini?

Ya kwanza huonekana Novemba, lakini ile inayokaa chini bila kuyeyuka kwa kawaida ni ya Desemba. Inaondoka mwishoni mwa Machi, na Aprili bado inaweza kurudi siku moja mbili. Ukijumlisha yote inayoanguka msimu mzima unapata karibu mita 2. Hesabu hiyo isikutishe: siku nyingi ni sentimita 2 hadi 5 tu, na dhoruba za sentimita 20 au 30 ni chache kwa mwaka.

Je, ni kama mvua ya mawe?

Hapana. Mvua ya mawe tunayoijua inapiga mabati, inatisha watoto, kisha inayeyuka. Theluji inaanguka kimya, unaamka tu na kukuta mtaa umebadilika. Weupe unaoonekana asubuhi fulani kileleni mwa Karisimbi, kwenye mita 4,507, ndio jamaa yake wa karibu. Jina la mlima huo lenyewe linatokana na isimbi, neno la Kinyarwanda la gamba jeupe la kombe.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi kabla ya safari ni kwamba theluji si ya aina moja. Ile ya -10 ni kavu kama unga wa muhogo: unaipangusa begani kwa mkono, haikulowanishi, na ukiikanyaga inalia chini ya kiatu. Ile ya karibu na sifuri ina maji ndani, ni nzito, inashika koti na kulowanisha. Ikikutana na chumvi ya barabarani inageuka uji wa kijivu unaojikusanya kwenye kona, pale hasa unapotaka kuvuka. Juu panaonekana pagumu. Ukikanyaga, mguu unazama hadi kwenye kifundo. Halafu kuna mvua ya kuganda: inaanguka ikiwa maji, inagusa kitu na kuwa barafu hapohapo, juu ya tawi, waya, ngazi, kioo cha gari. Ile ya Januari 1998 iliangusha nguzo za umeme na kuacha mamilioni ya watu gizani huko Québec, jimbo ambamo Montréal imo.

Kwa mtu anayekwenda kazini, asubuhi mbaya kuliko zote si ile ambayo theluji inaanguka. Ni ile inayofuata siku ya joto kidogo. Mchana ulikuwa +2, theluji ikayeyuka. Usiku imeshuka hadi -8, maji yote yamekuwa kioo. Kisha kabla ya mapambazuko theluji nyembamba imefunika kile kioo. Unaona njia nyeupe na safi, kumbe chini yake pana barafu. Kwa hiyo kila jioni angalia mambo mawili kwenye taarifa ya hali ya hewa: joto la mchana lilivuka sifuri? Usiku litashuka chini yake? Jibu likiwa ndiyo mara mbili, kesho ni siku ya barafu.

Ninunue koti hapa Goma au nisubiri nifike?

Kwenye caguwa (nguo za mitumba) ya Birere au soko la Virunga unaweza kupata koti zuri la baridi, maana nguo hizo nyingi zinatoka kwenye nchi zenye theluji. Lakini kagua hivi. Weka mdomo kwenye kitambaa cha nje na upulize kwa nguvu: pumzi ikipita upande wa pili, upepo nao utapita. Bana sehemu zilizojazwa. Ukikuta mabonge na nafasi tupu kati yake, manyoya yamekwisha na baridi itaingia pale. Funga na kufungua zipu mara kumi, kwa sababu zipu ikifa Januari koti limekufa. Koti lifike chini ya makalio, liwe na kofia yake, na liwe pana kiasi cha kuvaa sweta nene ndani bila kubana.

Usijaze sanduku lakini. Koti moja la kushukia ndege, sweta mbili za sufu, basi. Mengine yanapatikana kule, pia katika maduka ya nguo zilizokwishavaliwa, na wauzaji wa kule wanajua baridi yao.

Na viatu?

Hapa usibane pesa. Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja kipya tu, kiwe buti, si koti.

Buti za plastiki tunazovaa kwenye matope ya Kibumba hazifai. Hazina kitu ndani cha kuzuia baridi, na plastiki ikipata -15 inakuwa ngumu na kuteleza kama sabuni. Raba za mazoezi nazo zinaingiza maji kabla hujafika kituoni. Tafuta buti isiyopitisha maji, yenye soli laini ya mpira yenye meno marefu, na yenye bitana nene, hasa ile inayotoka ili uikaushe usiku. Dukani wanaandika kiwango cha joto, kwa mfano -30. Kichukulie kama cha mtu anayetembea, si anayesimama kituoni dakika ishirini. Jaribu buti ukiwa na soksi nene ya sufu na hakikisha vidole vinacheza. Kosa la kawaida ni kuvaa soksi tatu ndani ya buti inayobana: damu haipiti, hewa ya joto haina pa kukaa, na vidole vinaganda haraka kuliko vya aliyevaa soksi moja.

Viatu vya kazini vibebe kwenye mfuko. Karibu kila mtu anabadilisha viatu akifika biro au darasani, na nyumbani kwa watu buti zinavuliwa mlangoni. Chumvi ikiacha mstari mweupe kwenye ngozi, pangusa kwa kitambaa chenye maji na siki nusu kwa nusu, jioni hiyohiyo. Ukiiacha wiki nzima ngozi inapasuka.

Ndani ya koti nivae nini?

Tabaka tatu. La kwanza, linalogusa ngozi, liwe sufu nyembamba au kitambaa cha nailoni cha michezo, lisiwe pamba. Pamba inanyonya jasho na kulishika, na jasho likipoa linakuvuta baridi mwili mzima. La pili ni sweta. La tatu ni koti linalozuia upepo. Suruali ya jinsi peke yake haitoshi chini ya -15. Vaa suruali ya kubana ndani yake.

Wageni wengi hawaumizwi na baridi ya nje, wanaumizwa na joto la metro. Unatoka nyumbani umefungwa kama mzigo wa chukudu, unatembea haraka, unaingia kwenye behewa lililojaa watu, unatoka jasho, kisha unapanda juu kwenye -18 ukiwa umelowa. Ukitoka nyumbani unapaswa kuhisi baridi kidogo dakika tano za kwanza. Ukiingia metro, kabla ya kitu kingine, vua kofia na glavu, fungua zipu hadi chini. Funga tena ukiwa bado ndani, kabla ya mlango.

Kwa mikono, glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko zile za vidole vilivyotengana. Masikio lazima yafunikwe. Kwa shingo, kitambaa cha mviringo kinachovaliwa kichwani ni salama kuliko skafu ndefu, ambayo mikia yake inanaswa na milango na ngazi za umeme.

Niamke saa ngapi?

Ongeza dakika 20 hadi 30 juu ya safari ya kawaida, na 45 ikiwa theluji iliyoanguka usiku ni zaidi ya sentimita 15. Dakika hizo zinaliwa na vitu vidogo: kuvaa kunachukua 7 au 8 badala ya 2, mwendo wa miguu wa dakika 10 unakuwa 15, bisi inachelewa 5 hadi 15. Tena mwishoni mwa Desemba jua linachomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache jioni. Wale tuliozoea jua la saa kumi na mbili mwaka mzima hudhani ni usiku na kurudi kulala. Usitegemee dirisha. Tegemea kengele ya simu.

Nikisubiri bisi nifanye nini?

Kwanza usitoke kusubiri mapema. Kila kituo cha bisi Montréal kina bango lenye namba ya tarakimu tano. Kwa namba hiyo au kwa programu ya simu unaona bisi yako iko wapi kweli, si ratiba ya karatasi. Toka nyumbani ikiwa muda uliobaki kabla bisi haijafika ni ule wa mwendo wako hadi kituoni pamoja na dakika 3.

Kituoni simama nyuma, mita mbili kutoka ukingo wa barabara. Bisi inayofunga breki kwenye barafu inaweza kuteleza kuelekea ukingo, na magari yanarusha ule uji wa kijivu hadi kiunoni. Mara nyingi kati yako na bisi patakuwa na ukuta wa theluji uliosukumwa na magari ya kusafisha. Usiupande. Tafuta mlango uliokatwa ndani yake, kwa kawaida mbele, karibu na bango, na dereva atajitahidi kusimama hapo. Kadi ya safari, Opus, iwe mfuko wa nje kabla bisi haijafika, kwa sababu kutafuta kadi bila glavu ukiwa na watu kumi nyuma yako kwenye upepo hakumfurahishi mtu. Ukilipa kwa sarafu, mashine hairudishi chenji. Kwa Opus, safari moja inadumu dakika 120 pamoja na kubadilisha magari, kwa hiyo bisi ikichelewa huhitaji kulipa tena metro.

Theluji ikizidi, metro inasimama?

Metro ya Montréal, iliyofunguliwa 1966, inapita yote chini ya ardhi, na treni zake zinatembea kwa magurudumu ya mpira. Theluji ya juu haiifikii. Ndiyo maana asubuhi ya dhoruba, hata kama kuna bisi ya moja kwa moja, ni bora kutembea hadi kituo cha metro kilicho karibu. Utakuta watu wengi kuliko kawaida, na hilo ndilo litakalokuchelewesha.

Angalia mambo mawili. Milango ya vituo ni mizito kwa sababu treni zinasukuma hewa mbele yake, na upepo huo unaweza kukurudishia mlango usoni. Usukume kwa mkono wote na uushike kwa anayekufuata. Na vigae vya mlangoni vimelowa: watu wengi wanavuka barafu ya mtaa mzima salama, kisha wanaanguka hatua tatu ndani ya kituo, wakidhani hatari imekwisha.

Treni mpya ya REM ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya njia yake iko juu ya ardhi, mahali pa wazi, kwa hiyo baridi na theluji vinaifikia. Ukiitegemea, jua njia yako ya pili tangu Novemba.

Katikati ya mji pana zaidi ya kilomita 30 za njia za chini zinazounganisha vituo, maduka, biro na vyuo. Ukifanya kazi huko unaweza kutoka metro hadi mezani kwako bila kukanyaga theluji.

Ninatembeaje bila kuanguka?

Kama bata. Hatua fupi, nyayo zikitazama nje kidogo, magoti yamelegea, uzito wote juu ya mguu wa mbele kabla ya kuinua wa nyuma. Kanyaga kwa unyayo mzima. Anayetanguliza kisigino ndiye anayekwenda chali. Mikono itoke mifukoni, maana ndiyo mizani yako. Begi la mgongoni ni bora kuliko la bega moja.

Chagua pa kukanyaga. Theluji mpya isiyokanyagwa inashika kiatu. Ile iliyokanyagwa na wengi ikang'aa inateleza. Palipomwagwa kokoto ni salama kuliko palipomwagwa chumvi peke yake, kwa sababu chumvi inapoteza nguvu kadiri baridi inavyozidi, na chini ya -15 haifanyi mengi. Vifuniko vya chuma barabarani na mistari ya rangi ya kivuko ni vya kuepuka.

Siku ya barafu tupu, funga chini ya buti zile kramponi za mpira zenye meno ya chuma. Zinauzwa kwenye maduka ya viatu na ya dawa. Lakini zivue kabla ya kuingia jengo lolote: kwenye vigae zinateleza kuliko kiatu chenyewe.

Ukihisi unaanguka, usinyooshe mkono kujizuia. Hivyo ndivyo kifundo cha mkono kinavyovunjika. Kunja viwiko, kidevu kifuani, angukia pembeni kwenye paja na bega. Unaanguka ndani ya koti nene, litumie.

Nyumba yetu ina ngazi za chuma nje. Je, ni hatari?

Ndiyo, na ni sehemu ambayo watu wa Goma hawaifikirii. Nyumba nyingi za zamani za Montréal zina ngazi hizo za nje, nyingine zikizunguka kama konokono. Safari yako ya kwenda kazini inaanza juu yake, saa ile ambayo bado una usingizi. Weka ndani, karibu na mlango, ndoo ndogo ya chumvi ya barafu na ufagio mgumu. Fagia theluji kwanza ukianzia juu, kisha nyunyiza konzi moja kwa kila ngazi mbili au tatu. Usimwage maji ya moto: baada ya dakika kumi umetengeneza barafu safi zaidi. Shuka ukishika chuma kwa mkono uliovaa glavu, mguu ukiukanyaga kwa upande, na mkono mwingine usiwe na chai.

Ile king'ora cha mtaani alfajiri na mabango ya rangi ya chungwa ni nini?

Baada ya theluji nyingi, mji unapeleka malori kuizoa na kuibeba. Mabango ya chungwa yanataja saa ambazo gari haliruhusiwi kuegeshwa upande huo. King'ora ni onyo la mwisho kabla magari hayajavutwa. Kwa anayetembea, cha kuangalia ni katapila ndogo zinazosafisha njia za miguu. Zinakwenda kasi na dereva haoni vizuri pembeni. Ukiisikia, toka njiani, panda hata kwenye theluji iliyo pembeni, iache ipite. Na usivuke kati ya lori na mashine inayorusha theluji.

Kwa nini wanasema "-20, lakini inahisiwa -33"?

Upepo unaondoa ile hewa ya joto inayokaa juu ya ngozi yako. Kwenye -20 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, uso wako unapoteza joto kama ungekuwa kwenye -33 bila upepo. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kuvalia nguo. Kati ya -28 na -39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30; kati ya -40 na -47, dakika 5 hadi 10.

Nitajuaje ngozi imeanza kuganda?

Inauma, inachoma, kisha inaacha kuuma. Hapo ndipo pa kuogopa, kwa sababu mtu anadhani amezoea. Maelezo mengi yanasema ngozi inakuwa nyekundu halafu nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu ule hauonekani vizuri: tafuta rangi ya majivu, ugumu kama wa nta, na ganzi. Ganzi kwenye sikio, pua au kidole inatosha, usisubiri rangi.

Ingia ndani. Vua kilicholowa na kinachobana, pete pia. Ingiza kidole kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39. Yapime kwa kiwiko au mwombe mwingine, maana mkono wenye ganzi hausemi kweli. Usisugue, usipake theluji, usikae karibu na moto au jiko. Malengelenge yakitokea au ganzi isipoondoka, piga 811, ambako muuguzi wa Québec anakushauri kwa simu, kwa Kifaransa. Kwa dharura ni 911.

Simu yangu inazimika ikiwa na asilimia 40. Imeharibika?

Hapana, betri imepoa. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na itarudi. Usiichaji ikiwa bado baridi kama jiwe. Subiri ipate joto la chumba. Andika anwani ya kazi na namba mbili muhimu kwenye karatasi, kwa siku ile itakayozimika njia panda.

Kuna moto (pikipiki) za abiria?

Hakuna. Baiskeli zipo, hata Januari, lakini usianze mwaka wa kwanza.

Nimepata gari. Nini kinabadilika?

Sheria ya Québec inadai magurudumu ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi, na polisi wanatoza faini. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, ondoa theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi inaingia ndani ya gari, na haina harufu ya kukuonya. Kisha safisha gari zima, paa pia: theluji ya paa inateremka juu ya kioo cha mbele mara ya kwanza unapofunga breki. Barafu ya kioo ikwanguliwe kwa chombo chake. Maji ya moto yanapasua kioo. Maji ya kusafishia kioo yawe yale ya -40. Barabarani acha nafasi mara tatu ya kawaida mbele yako.

Theluji ikiwa nyingi, kazi zinafungwa?

Shule hufungwa siku za dhoruba kubwa na hutangaza alfajiri kwenye redio na intaneti. Kazi nyingi hazifungwi. "Kulikuwa na theluji" si sababu inayokubalika kwa mtu aliyefika saa moja kuchelewa bila kusema. Ujumbe uliotumwa kabla ya saa ya kuanza, ukitaja dakika ngapi unachelewa, kwa kawaida unakubalika. Siku ya mvua ya kuganda usilazimishe: omba kufanyia kazi nyumbani, kama kazi yako inaruhusu.

Sisi wazazi tulioko Goma tumpigie saa ngapi?

Wakati wa baridi Goma iko mbele kwa saa 7. Saa nane mchana ya hapa ni saa moja asubuhi kule, yaani yuko kwenye ngazi au anavuka barabara, na kupokea simu kunamlazimu kuvua glavu na kuacha kuangalia chini. Mpigie kuanzia saa kumi jioni, akiwa amefika, au mtumie sauti aisikilize kwenye metro. Jumapili ya pili ya Machi saa za kule zinasogezwa mbele na tofauti inakuwa 6. Jumapili ya kwanza ya Novemba inarudi 7.